Musa bin Maimun: Mwanachuoni Aliyeandika Sheria Bila ya Sanadi

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, tulianzishiwa fiqhi kwa kitabu kidogo kiitwacho Safina. Wengi wenu wasomaji mmekipitia. Ni kitabu cha maneno machache: chasema faradhi za udhu ni sita, chazihesabu, kisha chapita. Hakielezi kwa nini ni sita, wala hakitaji ni nani aliyepokea kutoka kwa nani. Siku moja, nami sijatimia miaka kumi, nikamwuliza mwalimu: "Mwalimu, haya yametoka wapi?" Jawabu niliyoipata ni bakora mbili za mgongoni.

Sikumwekea kinyongo, Mungu amrehemu. Sasa nami nina watoto na wajukuu, najua kuwa swali la mtoto laweza kumfikia mtu mzima hali hana jawabu mkononi. Lakini swali lenyewe halikunitoka. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za kadhi mmoja aliyemwendea mwanachuoni mkubwa wa Misri, akamfunulia kitabu alichokiandika mwanachuoni mwenyewe, akamwuliza swali langu lile lile. Na yule bwana hakushika bakora. Alitafuta, akakosa, akakiri.

Mwanachuoni huyo ni Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides. Alikuwa Myahudi. Najua likitajwa jina hilo siku hizi fikira za wengi wetu huruka moja kwa moja hadi Palestina, wala si ajabu. Lakini huyu alikufa mwaka 1204, vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu, alikuwa tabibu katika nyumba ya Sultani Salahuddin, na msiba mkubwa wa maisha yake ulitokea katika bahari hii hii tunayoiogelea sisi. Kwa hivyo si mgeni sana kwetu.

Alizaliwa Kurtuba, katika nchi ya Andalusi, yapata mwaka 1138. Babake, Maimun bin Yusuf, alikuwa kadhi wa Mayahudi. Katika mji huo huo, miaka kumi na miwili kabla yake, alizaliwa Ibn Rushd, mtoto wa kadhi na mjukuu wa kadhi. Wawili hawa nitawarudia, kwani kila mmoja aliandika kitabu kikubwa cha sheria, na vitabu vyao vyatazamana kama nyumba mbili zilizojengwa mlango kwa mlango.

Mwaka 1148 Kurtuba iliingia mikononi mwa Muwahhidun, watawala waliotoka Moroko. Hao waliiondoa dhima waliyokuwa nayo watu wa Kitabu: Mayahudi na Wakristo wakaambiwa wasilimu au wahame. Tusiifiche habari hii kwa kuwa waliofanya walikuwa Waislamu wenzetu. Familia ya Maimun ikatangatanga Andalusi, ikavuka hadi Fez yapata mwaka 1160, na mwaka 1165 ikapanda chombo kwenda Akka, ikazuru Bayt al-Maqdis, kisha ikateremka Misri na kutua Fustat, ubavuni mwa Kairo.

Ibn al-Qifti, mwandishi wa Kiislamu aliyekusanya habari za mahakimu na matabibu, asimulia kwamba Musa alipokuwa Magharibi alidhihirisha Uislamu kwa kuogopa, na alipofika Misri akarudi katika dini yake waziwazi. Ikatokea siku fakihi mmoja kutoka Andalusi akamtambua, akamshitaki kuwa ameritadi. Mwajua hukumu ya murtadi katika vitabu. Shingo ya mtu ilikuwa juu ya mstari mmoja wa fiqhi. Basi Kadhi al-Fadhil, waziri wa Salahuddin, akajibu kwamba mtu aliyelazimishwa, Uislamu wake hausihi kisharia, na asiyesihi Uislamu wake haritadi. Wako wataalamu wasioikubali riwaya hii ya kwamba alijidhihirisha Mwislamu. Lakini ulinzi wa Kadhi al-Fadhil juu yake hauna shaka, maana alimfanya tabibu wake, na Musa akamtungia kitabu cha dawa za sumu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mayahudi wana Taurati. Juu ya Taurati wana mapokezi ya wazee yaliyokusanywa katika Mishna. Juu ya Mishna kuna Talmudi, nayo ni bahari: huyu asema hivi, yule ampinga, watatu aleta kisa, na aghalabu mjadala waachwa wazi. Mtu atakaye kujua tu kama nyama hii yaliwa au hailiki, apaswa kuogelea. Musa alianza kwa kuisherehesha Mishna alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, hali yumo safarini, na akaimaliza Misri mwaka 1168, kwa lugha ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama vile babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Baada ya hapo akashika kazi iliyomchukua yapata miaka kumi, na ambayo hakuna Myahudi aliyekuwa ameithubutu. Alizichukua hukumu zote za Talmudi, za sala na za ndoa, za biashara, za kuua na kuiba, hata zile za hekalu lililokwisha kubomolewa zamani, akazipanga kwa milango, kwa Kiebrania chepesi, bila ya mijadala. Kitabu akakiita Mishneh Torah, nacho kilikuwa tayari yapata mwaka 1178. Kina vitabu kumi na vinne ndani yake, na kwa hivyo watu wakakiita Mkono. Anayejua hesabu ya abjadi ataona upesi: ya ni kumi, dali ni nne, ukiziunganisha wapata yad, yaani mkono, kwa Kiebrania kama kwa Kiarabu.

Katika utangulizi alisema jambo lililowatia watu kero. Alisema mtu asome Taurati kwanza, kisha asome kitabu hiki, na hatahitaji kitabu kingine baina ya viwili hivyo. Na ndani yake hakutaja sanadi. Wenye mapokezi aliwataja kwa jumla mwanzoni, lakini hukumu moja moja aliziacha zisimame peke yake, kama Safina yetu.

Hapa ndipo Ibn Rushd anapoingia. Katika Bidayat al-Mujtahid yeye alifanya kinyume kabisa. Achukua mas'ala, asema Malik ana kauli hii, Shafii ana hii, Abu Hanifa ana hii, kisha aonyesha mzizi wa ikhtilafu yao: je, ni neno lenye maana mbili, au ni hadithi iliyomfikia huyu isimfikie yule? Ibn Rushd akufungulia mlango upite jikoni uone chakula kinavyopikwa. Musa akuletea sahani. Na mwenye njaa, tuseme kweli, aghalabu hutaka sahani.

Yule kadhi niliyemtaja hakuridhika na sahani. Musa mwenyewe alikiandika kisa hiki katika barua kwa kadhi wa Mayahudi wa Iskandaria. Alijiwa na kadhi mchaji Mungu, mkononi ana karatasi za mlango wa hukumu za muuaji, akamwambia: soma hapa. Akasoma. Akamwuliza: una shaka gani? Akajibiwa: yamesemwa wapi haya? Musa akamtajia mahali, mgeni akasema ameshapatafuta hayamo. Akamtajia pengine, kikaletwa kitabu, kikafunuliwa, hayamo. Mgeni akaondoka, na mwenye kitabu akabaki amepigwa na bumbuazi nyumbani mwake. Kisha akakumbuka, akatuma mtu mbio amrudishe. Maneno yalikuwamo katika mlango wa mambo mengine kabisa, yametajwa kwa kupitia tu. Katika barua hiyo Musa akiri kwamba ikiwa yeye aliyeandika amehangaika hivyo, msomaji atahangaika zaidi, na asema atatunga kitabu mbali cha kuonyesha asili ya kila hukumu iliyojificha. Kitabu hicho hakikutoka.

Wapinzani hawakungoja. Kusini mwa Ufaransa, katika mji wa Posquières, alikuwapo mwanachuoni mzee, Abraham ben David, aliyekufa mwaka 1198. Yeye alikipitia kitabu chote akakiandikia pambizoni, na kalamu yake ilikuwa na pilipili. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba waliotangulia wote walileta dalili na kutaja majina ya wasemaji, ili kadhi ajue anapokosea. Kwa nini yeye aache mapokezi yake kwa ajili ya kitabu cha mtu huyu? Swali la haki. Zaidi ya miaka mia tatu ilipita kabla hajatokea Joseph Karo, aliyekufa mwaka 1575, akakaa na kuzitafuta asili za hukumu za Musa katika kitabu kiitwacho Kesef Mishneh. Leo vitabu hivyo vyapigwa chapa pamoja, na wino wa yule mpinzani wa Posquières umo pambizoni mwa kitabu alichokipinga.

Jambo la pili lililomgombanisha na wenziwe latuhusu sisi vilevile, nalo ni riziki ya wanavyuoni. Musa alikataza mtu kuifanya elimu ya dini kuwa kazi ya kulia chakula. Alitoa mifano ya wazee wa zamani waliokata kuni na kuteka maji huku wakifundisha, akasema anayejitia elimu na kuishi kwa sadaka analidharaulisha jina la Mungu. Marabi wengi walichukia. Mimi nisomapo maneno hayo nawakumbuka waalimu wetu wa vyuoni, waliolipwa vishilingi vya Alhamisi na kibaba cha mchele, na sijui wangalikata kuni saa ngapi. Tena ni rahisi kusema hivyo mwenye ndugu wa kumlisha.

Maana alikuwa naye. Mdogo wake, David, alikuwa mfanyabiashara wa vito, na faida yake ndiyo iliyomwezesha Musa kuketi na vitabu. David alikuwa ndugu, mwanafunzi, na karibu mwana, kwani Musa ndiye aliyemlea. Akasafiri kwenda Bara Hindi ana mali yake, mali ya Musa, na amana za watu. Chombo kikazama katika Bahari ya Hindi. Akaacha mjane na binti mdogo.

Musa alilala kitandani kiasi cha mwaka mzima, ana homa na majonzi. Yapata mwaka 1185, katika barua kwa rafiki yake wa Akka, aeleza kwamba miaka minane imepita naye bado aomboleza, na kila aonapo mwandiko wa ndugu yake au daftari lake, moyo wampinduka. Huyu ni mtu aliyekuwa ameandika hukumu za matanga, siku ngapi kwa nani.

Hapo ndipo alipoifanya tibabu kuwa kazi, na kauli yake juu ya riziki ya wanavyuoni asiibadilishe. Nalazimika kumpa haki yake. Mwaka 1199, Samuel ibn Tibbon wa Ufaransa alitaka kuja Misri kukaa naye, na Musa akamweleza siku yake ilivyo. Akaa Fustat, Sultani yuko Kairo. Kila asubuhi lazima apande mnyama aende kasri, na akikuta mgonjwa miongoni mwa watoto au masuria ashinda huko. Arudipo baada ya adhuhuri ana njaa, akuta ukumbi umejaa Waislamu na Mayahudi, wakubwa na wadogo. Ateremka, anawa mikono, awaomba radhi ale kidogo, nacho ndicho chakula chake cha usiku na mchana. Kisha awaandikia dawa hadi usiku, mwisho awaandikia hali amelala chali kwa uchovu. Ukija, amwambia, usitaraji kukaa nami faragha hata saa moja.

Na katika siku za namna hiyo ndipo alipokitunga Dalalat al-Ha'irin, kwa Kiarabu, akakimaliza yapata mwaka 1190. Hiki ni kitabu cha falsafa, na katika sehemu yake ya tatu alirudia swali la "kwa nini", si "wapi" tena. Walikuwako waliosema amri za Mungu haziulizwi sababu. Yeye akasema kila amri ina hikima, hata tusipoijua. Akathubutu kueleza hata kuchinja kwa ajili ya hekalu: watu wa zamani walizoea kuabudu kwa kuchinja, wala tabia ya mwanadamu haigeuki ghafula, basi Mungu akawaachia desturi na kuigeuza ielekee kwake. Sisi tuliosoma jinsi pombe ilivyoharamishwa kwa daraja, aya baada ya aya, hatushangai. Mayahudi wengi walishangaa sana. Waislamu nao walikisoma kitabu hiki. Mwanachuoni wa Kiajemi aliyeitwa Muhammad al-Tabrizi aliyasherehesha mambo ishirini na tano ya falsafa yanayofungulia sehemu yake ya pili.

Lakini mahali panaponisimamisha mimi ni pale asemapo kwamba sheria hutazama yaliyo mengi, haimtazami mtu mmoja mmoja. Tabibu humtazama huyu mgonjwa, mwili wake, siku yake ya leo, akampa dawa yake. Sheria haiwezi kuwa hivyo, asema, maana itaharibika yote. Hapana budi wako watakaoumia kwa hukumu iliyo nzuri kwa umma. Na asemaye hivi ni tabibu, aliyetoka kuandika dawa hali amelala chali.

Katika fatwa zake, hata hivyo, alimsikiliza mtu. Obadiah, mgeni aliyeingia dini ya Kiyahudi, alimwandikia kwamba alibishana na mwalimu wake juu ya Waislamu, na mwalimu akamtukana kuwa mpumbavu. Musa alijibu kwamba Waislamu si waabudu masanamu hata kidogo, wamempwekesha Mungu umoja usio na kasoro, na kwamba mwalimu amekosa, na amtake radhi Obadiah ijapokuwa ni mwanafunzi wake. Niliposoma hapo nilijishika mgongo pale pa bakora. Haki pia yanitaka niseme kwamba mtu huyo huyo, mwaka 1172, aliwaandikia Mayahudi wa Yemen waliokuwa wakilazimishwa kusilimu barua yenye maneno juu ya Mtume wetu ambayo Mwislamu hawezi kuyasoma bila ya kuudhika. Aliandika yote mawili.

Nina sababu ya kukaa sana kwenye ile kauli ya sheria na tibabu. Katika Mishneh Torah, mlango wa talaka, mna hukumu ya mke ambaye mumewe ametumbukia majini. Ikiwa ni maji yenye mwisho, yaani mtu akisimama aziona kingo zake pande zote, na watu wakangoja kiasi ambacho hapana awezaye kuishi chini, basi mke ni mjane na aweza kuolewa. Ama maji yasiyo na mwisho, kama bahari, haolewi, huenda mume ametokea ufuko mwingine. Akiisha kuolewa hatenganishwi, lakini kuruhusiwa mwanzo, la. Musa aliipokea hukumu hii kwa wazee wake na kuiandika kwa mkono wake, naye ni shemeji wa mwanamke ambaye mumewe alizama Bahari ya Hindi.

Fiqhi yetu yamjua mke huyo. Katika kauli ya kale ya Imam Shafii angoja miaka minne, kisha akae eda. Katika kauli mpya angoja mpaka ipatikane yakini. Shangazi yangu alikuwa baina ya kauli hizo mbili. Mumewe aliondoka na jahazi mwanzo wa kusi, mwaka 1964, lina boriti za kwenda Ghuba, na jahazi halikusikika tena. Mzee mmoja alimwambia minne, mwingine akamwambia ngoja. Naye alikuwa mtu wa kuogopa Mungu, akachukua iliyo nzito. Nilipopata akili nilimkuta na mvi, angali akiuliza kila chombo kiingiacho. Hakuolewa tena. Mwenye kauli ya kungoja hakukosea kitabuni; nimekwenda kutazama mwenyewe.

Musa bin Maimun alikufa Fustat mwezi Desemba 1204. Mwanawe Ibrahim akashika nafasi yake, akawa mtu wa kuwapenda Masufi, akataka Mayahudi wa Misri waoshe miguu na wasujudu katika ibada zao. Hiyo nayo ni makala nyingine, Mungu akipenda.

Mayahudi wa Fustat walikuwa na desturi kama yetu ya kutotupa ovyo karatasi yenye jina la Mungu. Waliziweka katika chumba cha sinagogi yao, na baina ya mwaka 1896 na 1897 mtaalamu Solomon Schechter alizichukua kwa maelfu hadi Cambridge, Uingereza. Miongoni mwa karatasi zilizohifadhiwa Cambridge imo barua ya David kwa nduguye, aliyoiandika katika safari yake moja akiwa Aidhab, bandari ya Bahari ya Sham. Aeleza kwamba yeye na mwenziwe waliachana na msafara jangwani, wakaponea chupuchupu. Bandarini hakukuta bidhaa ya maana ila nili, basi ameazimia kupanda chombo aende Hindi. Amwomba nduguye asihangaike, maana aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini. Amwomba awatulize mkewe na dada yake mkewe, asiwatishe. Amwambia ameandika kwa haraka, kwa sababu msafara uchukuao barua unaondoka.